Gari Linakunywa Maji, na Ninyi Mnajaza Tu?

  

Mwezi huu naomba tuweke pembeni maua na mishumaa, twende nje, pale gari linapolala. Fungua buti. Je, kuna dumu la maji la lita tano limelala karibu na tairi la akiba? Kama lipo, na kama kila Jumamosi mmoja wenu analimimina kwenye rejeta bila kujiuliza maji ya Jumamosi iliyopita yamekwenda wapi, basi makala hii ni yenu.

Najua utasema, "Mhariri, haya si mambo ya gereji?" Ni ya gereji, ndiyo. Lakini hela inayoishia gereji inatoka mfuko ule ule wa kiwanja, wa ada ya mtoto, na wa ile safari ya Zanzibar mnayoiahirisha tangu harusi. Na ukitaka kuona wapenzi wawili waliosoma vizuri, wenye kazi nzuri, wakirushiana maneno mbele ya watu, nenda kasimame pembeni ya barabara palipo na gari limefunguliwa boneti na mvuke unatoka.

MKOKO WA WAWILI

Wengi wa rika letu tukishafunga ndoa tunaunganisha mishahara na kutafuta gari la kubeba maisha yote: kazini, harusini, shambani, na Desemba kwenda kuwaona wazee. Bajeti ikiwa ya kawaida na ndoto ikiwa kubwa, mara nyingi mnaangukia kwenye dizeli la zamani lililotoka Japani likiwa limeshatumika. Toyota Land Cruiser Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990 ni mfano mzuri. Nyingi zina injini ya 1KZ-TE, yenye silinda nne, turbo na ujazo wa sentimita 2,982, yaani ile ambayo mtaani tunaiita "lita tatu".

Ni injini ya kazi hasa. Inapanda Kitonga ikiwa na abiria, mizigo na kuku wa shemeji bila kulalamika. Ila ina tabia moja ambayo fundi yeyote mzoefu anaijua: haipendi joto kupita kiasi. Bloku yake, yaani mwili wa chini wa injini, ni chuma kizito. Silinda hedi iliyokaa juu yake ni aluminiamu. Metali hizi mbili hazitanuki sawasawa zikipata moto. Ikichemsha vibaya, hata mara moja tu, hedi inaweza kupinda au kupasuka.

Tena dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama gari la petroli. Mafuta yake yanawaka kwa sababu hewa imebanwa mpaka ikawa moto. Injini kama hii inaibana hewa kiasi cha mara 21, wakati injini nyingi za petroli za rika lake ni karibu mara 10 tu. Ile gasketi nyembamba iliyokaa kati ya hedi na bloku ndiyo inayoizuia nguvu hiyo yote isivuje. Ndiyo maana maji yakipungua kwenye dizeli, usichukulie kuwa ni jambo dogo.

MAJI HAYALIWI

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tunasema, "Aah, gari hili ni kuukuu, linakunywa maji kidogo." Jamani, gari halinywi maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji yanatoka kwenye rejeta, yanazunguka kwenye injini, yanachukua joto, yanarudi kupoa. Yakipata moto yanatanuka na ziada inaingia kwenye chupa ya akiba. Yakipoa yanarudishwa ndani. Gari zima linaweza kukaa miezi bila kuongezwa hata kikombe. Kama unaongeza kila wiki, kuna mahali yanatokea, hata kama hujapaona.

Na sio tu kwamba mfumo umefungwa, bali pia umebanwa kwa presha. Angalia mfuniko wa rejeta: mara nyingi utakuta imeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha unayoishikilia kabla ya kuiachia. Maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, lakini yakibanwa kwa presha hiyo yanavumilia mpaka karibu nyuzi 120. Kwa hiyo injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 ina nafasi ya kutosha ya kupumua. Presha ikivuja, nafasi hiyo inapotea. Ukiwa Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji yasiyobanwa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana kuna magari yanayotembea salama kabisa Dar lakini yanaanza kuchemsha yakifika Nyanda za Juu Kusini.

Kwa maana hiyo, mfuniko uliochoka raba ni ugonjwa unaojitegemea. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko karibu vyote tutakavyovitaja leo. Anzeni na huo, na mkinunua mpya hakikisheni namba yake inalingana na ya zamani iliyokuja na gari.

UCHUNGUZI WA JUMAMOSI ASUBUHI

Sasa tufanye kazi, na tuifanye wawili. Mmoja ashike tochi, mwingine ashike daftari. Injini iwe imelala usiku kucha na imepoa kabisa. Hili sitanii: mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto. Maji yale yanaruka kama bomba lililopasuka na yanababua uso.

Mosi, hakikisheni kwanza kwamba ni tatizo. Dimbwi dogo chini ya gari baada ya safari yenye kiyoyozi, upande wa abiria wa mbele, mara nyingi ni maji ya AC tu. Yaguseni: ni meupe, hayana harufu wala utelezi. Maji ya rejeta yenye kulanti huwa na rangi, yanateleza kidogo vidoleni, na yana harufu tamutamu.

Pili, pimeni. Jazeni rejeta mpaka juu, jazeni chupa ya akiba mpaka kwenye alama, kisha andikeni tarehe na kilomita. Kila mtakapoongeza, andikeni mmeongeza kiasi gani. Baada ya wiki mbili daftari litawaambia kama ni kikombe au ni lita, na kama yanapungua gari likiwa limesimama au likiwa safarini. Fundi mzuri akiliona daftari hilo, nusu ya kazi yake imekwisha.

Tatu, lazeni kadibodi. Tandikeni boksi lililofunguliwa chini ya injini jioni, mlitazame asubuhi. Tone likianguka, mtajua limetokea mbele, katikati au nyuma.

Nne, tafuteni chumvi. Maji moto yakivuja kidogo kidogo yanakauka na kuacha ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi. Mulikeni hosi paipu ya juu na ya chini, hasa mwishoni zilipobanwa na klipu. Ibonyezeni: ikiwa laini kama andazi au inatoa sauti ya kukatika, imekwisha. Mulikeni rejeta pale plastiki ya juu na ya chini inapokutana na bati lenye mapezi. Pale ni mahali pa kuvujia panapojulikana kwenye rejeta za zamani. Kisha wota pampu, ile inayosukuma maji. Ina kitundu kidogo chini ya shafti yake kilichowekwa makusudi. Kikitoa maji au kikiwa na mchirizi wa ukoko, sili ya ndani imechoka na pampu inabadilishwa. Msisahau pia paipu za hita nyuma ya injini, na kama gari lenu lina hita ya viti vya nyuma, paipu za chuma zinazopita chini ya bodi. Zile zinaliwa na kutu kimyakimya na hakuna anayezikumbuka, maana Dar nani anawasha hita?

Tano, ingieni ndani. Gusa zulia la miguuni mbele. Likiwa limelowa na lina utelezi, au kioo cha mbele kinapata ukungu wenye harufu tamu, kirejeta kidogo cha hita kilichofichwa nyuma ya dashibodi kinavuja.

Sita, chomoeni kijiti cha oili na mfuniko wa oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Gari la namna hiyo lisiwashwe tena, livutwe. Ila msitishike kwa kautando kadogo cha rangi hiyo chini ya mfuniko peke yake, hasa kama mko Njombe au Iringa wakati wa baridi na safari zenu ni fupi fupi. Huo unaweza kuwa ni unyevu tu. Kijiti ndicho kinachosema kweli.

Saba, tazameni maji yenyewe kwenye rejeta. Mafuta meusi yakielea juu, oili inaingia kwenye maji, huenda kupitia kipoza oili au gasketi. Mkikuta rojo la rangi ya waridi na gari ni la gia za otomatiki, simameni hapo hapo. Kwenye magari mengi ya aina hiyo oili ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta, na ukuta kati yao ukitoboka vinachanganyika. Mkiendelea kutembea, mtanunua rejeta pamoja na gia boksi.

MAJI YASIPOONEKANA POPOTE

Kuna kesi ngumu: hakuna tone chini, hakuna ukoko, zulia kavu, na bado maji yanapungua. Hapo inawezekana yanaingia ndani ya silinda na kutoka na moshi. Dalili zake ni hizi. Asubuhi ya kwanza gari linatetemeka sekunde chache likiwaka, na eksozi inatoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usiokwisha hata injini ikipata moto. Hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata joto. Ukiwasha mfuniko ukiwa umefunguliwa tangu injini ikiwa baridi, mapovu yanakuja mfululizo bila kukoma. Chupa ya akiba inajaa hadi kumwagika, lakini rejeta ikipoa iko nusu.

Zote hizo zinaonyesha moshi wa silinda unasukumwa kwenye njia ya maji. Ni gasketi, au hedi yenye ufa.

Lakini msikubali fundi ashushe hedi kwa kuhisi tu. Kuna vipimo viwili vya kuomba, na wala msione haya kuviomba. Cha kwanza ni pampu ya mkono yenye geji inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa baridi, inapandishwa presha mpaka namba ya mfuniko, kisha mnasubiri robo saa. Mshale ukishuka, kuna uvujaji, na mara nyingi utausikia au kuuona. Cha pili ni kichupa chenye kimiminika cha bluu kinachovuta hewa ya juu ya maji ya rejeta injini ikiwa inaunguruma. Kikibadilika rangi, gesi ya moshi imo ndani ya maji. Gereji zenye vifaa hivi zipo kwenye miji mikubwa, na gharama ya kupima haifiki popote ukilinganisha na kushusha hedi bure.

MATENGENEZO YA KWELI NA YA KUDANGANYANA

Kama ni hosi, badilisheni hosi pamoja na klipu zake, na kama moja imeoza kwa uzee, dada zake nao wana umri ule ule. Kama ni wota pampu, iwekwe na gasketi mpya, na mkanda unaoizungusha uangaliwe. Kama ni rejeta, fundi wa rejeta aikague: ya shaba huchomelewa, ya aluminiamu na plastiki mara nyingi hubadilishwa.

Kama ni hedi, sikilizeni vizuri. Kubadilisha gasketi peke yake bila kuipima hedi ni kumwaga hela. Hedi inatakiwa kwenda kwenye karakana ya mashine. Huko inapimwa kwa presha kuona kama ina ufa, na inawekewa rula ya chuma kuona kama imepinda. Ikiwa imepinda kidogo inasawazishwa na mashine, si kwa msasa wa mkono juu ya benchi. Ikiwa imepasuka, tafuteni nyingine iliyopimwa. Ikirudishwa, nati zake zinakazwa kwa mpangilio na kwa hatua, kwa spana maalumu yenye kipimo. Fundi akikwambia "mimi mkono wangu unajua", mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba tutumie kipimo."

Halafu kuna zile dawa za mtaani. Yai bichi, manjano, pilipili manga na chupa za kuziba matundu zinazouzwa dukani. Nyingine huweza kuziba kitundu kidogo kwa muda, kweli. Lakini zinaziba pia zile njia nyembamba za rejeta na za hita ambazo hazikuwa na kosa. Ukiwa porini na mtoto mgonjwa, sawa, okoa maisha. Ukiwa nyumbani Sinza, hapana.

La pili ni thamostati. Hiki ni kile kivalvu kinachokaa kimefunga mpaka maji yafike karibu nyuzi 80, ndipo kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Mafundi wetu wengi dawa yao ya kwanza ni kuking'oa na kukitupa: "Hiki ni cha nchi za baridi, bosi." Si kweli. Injini bila thamostati inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka. Na kwenye injini nyingi kivalvu hicho kikifunguka ndicho pia kinachoziba njia ya mkato. Kikitolewa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye mlima mkali gari linachemsha kuliko mwanzo. Kipya kibovu kinabadilishwa kwa kipya kizima. Kukipima ni rahisi: kitumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, yapashe moto, ukitazame kama kinafunguka.

Mkishamaliza kutengeneza, jazeni kulanti, msijaze maji ya bomba wala ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Yanaacha gamba ndani na kula aluminiamu. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa kama yale ya betri, isipokuwa kopo likisema limeshachanganywa tayari. Msinunue kwa kufuata rangi tu, someni kopo linasema linafaa injini gani. Na tafadhali, wenye watoto na wenye mbwa: kulanti nyingi zina sumu na ladha yake ni tamu. Iliyomwagika ioshwe, kopo lifungwe na liwekwe juu.

Hewa nayo lazima itolewe. Egesheni gari pua ikiwa imeinuka, hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, injini ikiwa baridi na mfuniko umefunguliwa. Washeni, ongezeni taratibu mapovu yanapotoka, mpaka hosi ya chini ipate joto. Fungeni, tembeeni kidogo, kisha kesho asubuhi angalieni tena.

ZILE KILOMITA KUMI ZA MWISHO

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike haya kwenye jarida la mapenzi.

Hosi iliyotoboka haiui injini. Injini inakufa baadaye, kwenye zile kilomita chache ambazo mtu anaendelea kuendesha wakati mshale umeshapanda. Na ukiuliza kwa nini aliendelea, majibu yanafanana. "Nilikuwa nimebakiza kidogo kufika." "Niliogopa kusimama pale usiku." Na lile ambalo watu husema kwa sauti ya chini: "Niliogopa atasema nimemharibia gari."

Chukua mfano wa mke anayerudi kazini jioni, foleni ya Ubungo, AC imewashwa. Mshale unapita katikati. Anakumbuka mwezi uliopita alipopasua taa ya nyuma, baba watoto alinuna siku tatu. Anazima redio, anamwomba Mungu, anakaza mwendo mpaka Kimara. Anafika, anaegesha, anaingia ndani na kusema, "Salama, baba Junior." Asubuhi mume anakuta rejeta tupu na oili ya rangi ya chai. "Mama Junior, umelifanya nini gari?" Kilichotokea ni kwamba woga wa kugombezwa umegharimu hedi nzima.

Na geuza mfano. Mume ndiye aliyeona maji yanapungua tangu Aprili. Anajaza dumu alfajiri mke akiwa amelala, kwa sababu ndiye aliyelichagua gari hilo na aliapa kwa shemeji zake kwamba ni zima. Mke analichukua kwenda Morogoro na watoto bila kujua kwamba lina ugonjwa. Siri yake ni ya dumu tu, lakini imeweka familia yake pembeni ya barabara usiku.

Kwa hiyo naomba leo, kabla hamjalala, mkubaliane mambo manne.

Moja: yeyote atakayeona mshale unapanda anasimama mahali salama pa kwanza, na hagombezwi. Hata kama ni mita mia tano kutoka nyumbani. Mwenzake anajibu simu kwa neno moja: "Zima, nakuja."

Mbili: wote wawili mnajua cha kufanya. Zima AC. Washa hita na feni yake mpaka mwisho wakati unatafuta pa kuegesha, inasaidia kutoa joto kwenye injini. Kama maji yanamwagika au mvuke unatoka, zima injini mara moja. Usiguse mfuniko, subiri nusu saa au zaidi mpaka uweze kushika hosi ya juu kwa mkono. Usimwage maji ya baridi kwenye injini iliyokauka ikiwa moto, hapo ndipo hedi inapasuka. Na jihadhari na mshale unaoshuka ghafla baada ya kupanda, wakati hita inatoa hewa ya baridi: pengine maji yameisha, na kipimo kimebaki hewani hakina cha kupima.

Tatu: dumu na daftari vinakaa pamoja. Hakuna kujaza bila kuandika, na wote mnalisoma.

Nne: gereji mnakwenda wote, angalau siku ya kupewa majibu. Wapo mafundi wanaomweleza mume peke yake hata kama anayeendesha kila siku, na pengine anayelipa, ni mke. Dada yangu, uliza swali lako mpaka uelewe. Kaka yangu, ukiwa hujui, usijifanye unajua kwa sababu mkeo amesimama hapo. Fundi mjanja anaishi kwa aibu hiyo.

TULITENGENEZE AU TULIUZE?

Swali hili linakuja likiwa limeshachelewa, ombi la pesa likiwa mezani. Jiulizeni mambo matatu tu. Je, ugonjwa umepimwa au umekisiwa? Je, bodi, gia boksi na chasi bado ni vizima? Na je, gharama yote, pamoja na kulanti, gasketi, karakana na fundi, ni ndogo kuliko mtakachopoteza mkiliuza likiwa bovu na kununua jingine msilolijua historia yake? Majibu yakiwa ndiyo, lifanyieni kazi kwa ukamilifu. Kama mnaliuza, mwambieni mnunuzi ukweli. Huko nako kuna mke na mume waliounganisha mishahara yao.

Na mkiamua kubaki nalo, lipeni hadhi ya umri wake. Kila mwezi fungueni boneti asubuhi, dakika tano, kikombe cha chai kikiwa juu ya ukuta. Kulanti ibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kabla ya safari ndefu ya Desemba, pimeni presha hapa mjini, si Mikumi.

Haya, mpenzi msomaji, kazi kwenu. Jumamosi hii tochi moja, daftari moja, watu wawili. Mwezi ujao tutazungumzia wageni wanaokuja kukaa wiki mbili na kumaliza miezi sita. Panapo majaliwa, tukutane hapa hapa.